KADI MIA MBILI NA AROBAINI, KILA MOJA NA MWENYEWE
Jinsi ya kutayarisha kadi za posta zenye majina na kuzipeleka kwa mpiga chapa

Na Mwanachama wa Kidato cha Nne

Tangu kadi zetu za mwaliko wa Siku ya Kiswahili Duniani ziwafikie wazazi na wanachama wa zamani, nimeulizwa swali moja na watu wengi sana: "Hivi ninyi mliwezaje kuandika jina la kila mtu kwa chapa nzuri vile? Mlikaa mkaandika kadi moja moja?" Kuuliza si ujinga, na makala haya ndiyo jibu langu. Madhumuni yangu ni kumfundisha mwanachama yeyote atakayeachiwa kazi hii siku zijazo, aifanye hata kama sisi wa Kidato cha Nne tutakuwa tumeondoka.

Nianze na jambo ambalo ningependa mlikumbuke kuliko yote. Kazi hii ina sehemu mbili: ya mashine na ya watu. Sehemu ya mashine huchukua asubuhi moja. Sehemu ya watu, yaani kuhakikisha majina na anwani, ilituchukua majuma matatu. Atakayefanya haraka katika hii ya pili, hakuna mashine itakayomwokoa.

KUUNGANISHA BARUA NI NINI?

Kuna vitu viwili. Cha kwanza ni kiolezo, yaani kadi iliyoandikwa mara moja tu, ikaachiwa mapengo pale panapotakiwa kuingia jina, sanduku la posta na mji. Cha pili ni orodha iliyopangwa katika jedwali, mtu mmoja mstari mmoja. Kompyuta, au tarakilishi kama tunavyofundishwa darasani, huuchukua mstari wa kwanza wa jedwali, ikajaza mapengo, ikatoa kadi ya kwanza. Halafu mstari wa pili, kadi ya pili. Hivyo hivyo mpaka orodha iishe. Huko ndiko kuunganisha barua na orodha.

Jambo hili si geni. Programu ya kuandikia ya WordStar ilianza kuuzwa mwaka 1978, na baadaye ikapata mwenzake aliyeitwa MailMerge aliyefanya kazi hii hii. Siku hizi Word na LibreOffice zinaifanya pia.

Kadi ya posta yenyewe ni kongwe zaidi. Ya kwanza kutolewa na serikali ilitoka Austria-Hungaria tarehe 1 Oktoba 1869. Zamani upande mmoja ulikuwa wa anwani peke yake. Mwaka 1902 ndipo Posta ya Uingereza ilipokubali upande huo ugawanywe mara mbili, ujumbe kushoto na anwani kulia. Nasi tulifuata mpango huo huo: picha upande wa mbele, nyuma ujumbe kushoto, anwani kulia, na nafasi ya stempu pembeni juu kulia.

Mtauliza, mbona tusitume ujumbe kwa simu? Tulitafakari hilo. Lakini orodha yetu inatoka katika daftari la chama, na wengi waliomo waliandika sanduku la posta tu. Tena ujumbe wa simu husomwa ukasahauliwa, ilhali kadi huwekwa kabatini au ikabandikwa ukutani, na wageni wakaiona.

MASHINE MBILI ZA MPIGA CHAPA

Kabla ya kutayarisha chochote tulikwenda mjini kumwona mpiga chapa. Sitamtaja, kwani haya si matangazo ya biashara. Alitueleza kwamba ana njia mbili za kufanya kazi.

Njia ya kwanza ni ya bamba, ambayo mafundi huiita ofuseti. Picha hutiwa katika bamba jembamba la madini, na bamba hilo likapiga chapa ile ile maelfu ya mara. Ni rahisi ukitaka nakala nyingi, lakini haliwezi kubadilisha jina. Lililoandikwa katika bamba ndilo litakalotoka mwanzo hadi mwisho.

Njia ya pili ni ya mashine ya kidijitali. Hii huchora kila karatasi upya kutoka kwa faili, kwa hiyo kadi ya kwanza yaweza kuwa na jina moja na ya pili jina jingine. Kila nakala ina bei kubwa zaidi kuliko ile ya bamba, lakini kwa kadi chache huna gharama ya kutengeneza mabamba.

Mwenye kadi elfu nyingi aweza kuchanganya njia hizi: picha ya mbele ipigwe kwa bamba, kisha majina yatiwe nyuma kwa mashine ya kidijitali. Sisi tulikuwa na chache, kwa hiyo zote zilipigwa kwa mashine ya pili. Basi ewe mwanachama, ukifika kwa mpiga chapa, swali lako la kwanza liwe hili: "Utatumia mashine gani, na unataka faili za namna gani?" Ukiuliza mwishoni, huenda ukaanza kazi upya.

JEDWALI LA MAJINA

Fedha za chama zilitosha karatasi kubwa 31 tu, na stempu zake. Kila karatasi ilitoa kadi 8, yaani kadi 248 kwa jumla. Hapakuwa na ziada ya kuchezea. Kadi moja ikiharibika, ni mtu mmoja aliyeachwa nje. Kadi mbili zikimwendea mtu mmoja, vile vile mwingine hakupata.

Daftari la chama lilikuwa na majina 263. Tuliyaingiza katika Excel kwa safu hizi: Cheo, Jina, JinaLaUkoo, MstariWaPili, Sanduku, Msimbo, Mji, Idadi na Uhusiano. Zishikeni kanuni hizi:

1. Kila safu ibebe jambo moja tu. Usiandike sanduku, msimbo na mji pamoja katika kisanduku kimoja, maana hutaweza kuvitenganisha baadaye.

2. Mstari wa juu kabisa uwe wa vichwa vya safu, wala usiweke juu yake anwani ya shule au mapambo yoyote. Kompyuta inatafuta vichwa hapo.

3. Usitumie rangi kama maelezo. Mwenzetu mmoja alitaka kupaka nyekundu majina yasiyotakiwa kutumiwa kadi. Kuunganisha barua hakuoni rangi. Kunaona maandishi tu. Ukitaka kumtoa mtu, mtoe.

4. Safu ya Msimbo iwekwe kuwa ya maandishi KABLA hujaandika kitu ndani yake.

Hili la nne lahitaji maelezo. Hapa Kenya barua nyingi za kawaida haziletwi mlangoni, zinakwenda kwenye sanduku la posta, na msimbo wa tarakimu tano ndio unaoonyesha ni posta ipi. Mombasa ni 80100, Kisumu ni 40100, Nakuru ni 20100. Hizo hazina shida. Lakini Posta Kuu ya Nairobi ni 00100 na Thika ni 01000. Excel ikiona 00100 hudhani ni hesabu, na katika hesabu sifuri za mbele hazina maana, basi huzila! Nairobi inabaki 100, na Thika inakuwa 1000. Ukikagua kadi za Mombasa peke yake utasema kazi ni safi, kumbe za Nairobi zote zina kasoro. Tena ukihifadhi jedwali kama faili ya CSV kisha ukaifungua kwa Excel, sifuri zitaliwa mara ya pili. Ifungue mara ya mwisho uhakikishe.

Baada ya hapo tulitafuta waliorudiwa. Kompyuta hupata waliorudiwa ikiwa wameandikwa sawasawa, lakini mtu aliyeandika jina kamili mwaka mmoja na herufi ya kwanza tu mwaka mwingine, hiyo ni kazi ya macho ya binadamu. Tulikaa wawili wawili, mmoja anasoma daftari kwa sauti na mwenzake anafuata kwenye jedwali. Tulipata 17 waliorudiwa, na 6 ambao anwani zao hazikusomeka wala hawakupatikana kwa njia yoyote. Wakabaki 240. Karatasi 30 zikawa za kadi hizo, na ile ya 31 ikapigwa kadi 8 zisizo na jina, ili tukikumbushwa mtu tuliyemsahau, tumwandikie kwa mkono.

SAFU YA MSTARI WA PILI

Watu wengi hawana sanduku lao wenyewe. Hutumia la shule, la kanisa, la msikiti, la duka au la mwajiri. Barua yao isipoandikwa "kupitia kwa" fulani, itafika sandukuni na kukosa mwenyewe. Ndiyo sababu tuliweka safu ya MstariWaPili kati ya jina na sanduku.

Safu hiyo ilitufaa pia kwa jambo ambalo hatukulitarajia. Tulipokuwa tukipiga simu kwa wale walioacha namba, nilimpigia mwanachama mmoja wa zamani, na aliyeshika simu akawa mama yake. Akaniambia mwanawe alikwisha kuaga dunia. Nilimpa pole, nikamwambia kwamba tutaliondoa jina katika orodha ili asisumbuliwe na barua. Akanyamaza kidogo. Halafu akasema, "La, mwanangu. Alikuwa mtu wenu. Niandikieni mimi, lakini mseme mimi ni mama wa nani."

Jedwali letu halikuwa na mahali pa kusema hivyo. Tulishauriana na mwalimu mlezi wa chama, tukaliandika jina la mama katika safu ya Jina, na katika MstariWaPili tukaweka "Mama wa marehemu" na jina la mwanawe. Lakini ujumbe wa kadi ulianza kwa "Ukiwa mwanachama wetu wa zamani," maneno yasiyomhusu. Hapo ndipo ilipozaliwa safu ya Uhusiano, yenye maneno matatu: mwanachama, mzazi, jamaa. Kila neno lilileta sentensi yake. Kisha tukarudi kwa wote waliokuwa na namba ya simu tukawauliza kwa adabu, na tukapata jamaa za wanachama wengine wanne waliofariki. Wote walitaka kadi.

Laiti tungepeleka orodha kama ilivyokuwa daftarini, mashine ingewaalika marehemu watano bila ya kusita. Hivyo msidharau simu. Ndiyo iliyochukua siku nyingi, na ndiyo iliyofanya kadi zile ziwe mwaliko wa kweli.

MAJINA YETU NA ALAMA ZAKE

Mtu husamehe mengi, lakini jina lake likiandikwa vibaya hukasirika, na ana haki. Sasa, Excel ina amri inayoitwa PROPER ambayo hugeuza majina yaliyoandikwa kwa herufi kubwa zote yakawa na herufi kubwa mwanzoni tu. Nzuri sana, mpaka ikutane na majina ya kwetu! Amri hii hudhani kila herufi inayofuata alama ni mwanzo wa neno. Basi Ng'ang'a huwa Ng'Ang'A, na Nyong'o huwa Nyong'O. Arap na ole nazo hutiwa herufi kubwa hata kama mwenyewe huandika ndogo. Ukiitumia amri hii, pitia tena majina yote yenye ng' na yale yenye arap, ole, wa au bin, uyaandike kama wenyewe wanavyoyaandika.

Alama ya ng' ina hila nyingine. Kuna iliyonyooka na kuna iliyopinda. Kwa jicho letu ni kitu kimoja, lakini kwa kompyuta ni alama mbili, na Ng'eno wawili walio mtu mmoja watahesabiwa wawili. Tena faili ya CSV ikihifadhiwa kwa namna moja na kusomwa kwa namna nyingine, ile iliyopinda hutoka kama vikorokoro: herufi yenye kofia ikifuatwa na alama zisizoeleweka. Dawa ni mbili: geuza alama zote ziwe za namna moja, na unapohifadhi CSV chagua UTF-8.

Jambo jingine: iambie Word kwamba unaandika Kiswahili. Kiswahili kimo katika orodha yake ya lugha. Usipofanya hivyo, kila neno litapigwa mstari mwekundu, nawe hutalijua lililokosewa kweli kweli.

KOMPYUTA HAIJUI NGELI

Hapa sasa ndipo wanachama wa Kiswahili tunapowapita wengine. Lugha yetu ina raha yake: "amealikwa" ni mwanamume, ni mwanamke, haina ubaguzi. Anayeandika Kifaransa lazima kwanza ajue jinsia ya mtu ndipo amwite mpendwa. Sisi "mpendwa" linatosha.

Lakini tusijisifu mapema. Kiswahili kina umoja na wingi, na upatanisho wa kisarufi hupenya sentensi nzima. Baadhi ya kadi zilikwenda kwa mtu mmoja na nyingine kwa mume na mke pamoja. Tazameni:

Idadi ikiwa 1: Mpendwa Bi. ..., tunakualika katika sherehe yetu. Kiti chako kimetengwa.

Idadi ikiwa 2: Wapendwa Bw. na Bi. ..., tunawaalika katika sherehe yetu. Viti vyenu vimetengwa.

Hebu hesabuni yaliyobadilika: mpendwa, tunakualika, kiti, chako, kimetengwa. Matano! Anayebadilisha neno moja tu atapata "viti chako kimetengwa," na kadi hiyo itoke kwa Chama cha Kiswahili! Tungeweka wapi nyuso zetu?

Word ina kanuni ya "ikiwa": ikiwa safu fulani ina neno hili, andika hivi, kama sivyo, andika vile. Ushauri wangu ni kwamba usiitumie kanuni hiyo kwa neno moja moja. Andika sentensi nzima ya umoja na sentensi nzima ya wingi, kisha iache kompyuta ichague mojawapo. Yenyewe haijui kama kiti ni KI-VI ama ni nini. Wewe ndiwe unayejua.

KADI HAINA BAHASHA

Katika mkutano mmoja lilitolewa pendekezo kwamba, kwa vile tunaweza kuweka lolote katika mapengo, tuweke pia kiasi cha mchango ambacho kila mzazi hajamaliza kulipa. Wengine walipiga makofi. Mwalimu mlezi akauliza swali moja tu: "Kadi hii itafungwa na nini?"

Kimya kikatanda. Kadi ya posta huenda uchi. Karani huisoma, mwenye sanduku huisoma, mtoto aliyetumwa posta huisoma njia nzima. Mzazi anayepata barua zake kupitia sanduku la kanisa, deni lake lingesomwa na waumini kabla yake. Pendekezo likafa papo hapo.

Tena kuna sheria. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ilitungwa mwaka 2019, na inataka habari za mtu zitumiwe kwa shabaha iliyoelezwa na zisizidi zinazohitajika. Kwa hiyo nakala ya jedwali tuliyompelekea mpiga chapa haikuwa na namba za simu, wala mwaka wa kuzaliwa, wala kitu chochote kisichochapwa kwenye kadi. Tulimwomba pia, kazi ikiisha, afute faili yetu katika kompyuta yake. Hakukataa, alisema wateja wengi hawamkumbushi.

FAILI YA KUPELEKA MJINI

Mpiga chapa alitupa masharti yake, nami nawapa kama nilivyoyaandika:

- Kadi ni ya saizi ya A6, yaani milimita 105 kwa 148.

- Rangi ya mbele ivuke mstari wa kukata kwa milimita 3 kila upande, faili iwe milimita 111 kwa 154. Mashine ya kukata ikisogea kidogo, pembeni hapatabaki ufito mweupe.

- Maandishi yakae ndani, angalau milimita 5 kutoka mstari wa kukata, yasije yakakatwa.

- Picha iwe na nukta 300 kwa kila inchi. Kwa faili ya saizi hiyo, ni kama nukta 1,819 kwa 1,311. Picha iliyopitia WhatsApp kwa kawaida imepunguzwa. Mwombe mwenyewe akupe ile ya asili.

- Rangi za kioo cha kompyuta ni nyekundu, kijani na buluu, bali za chapa ni samawati, majenta, njano na nyeusi. Buluu inayowaka kwenye kioo yaweza kufifia kwenye karatasi. Usishtuke, ila omba kuona sampuli.

- Upande wa anwani usitiwe mng'aro. Wino wa kalamu na wa muhuri wa posta hautakauka vizuri juu yake.

- Faili iwe ya PDF, na fonti zitiwe ndani yake, maana kompyuta ya mpiga chapa isipokuwa na fonti yako itachagua nyingine na mistari yote itahama.

Upande wa anwani tulimpa faili yenye kurasa 240, kila ukurasa kadi moja. Msijaribu kupanga kadi nyingi katika karatasi moja wenyewe, mwachieni. Lakini mkichapa shuleni kadi nne kwa karatasi ya A4, kumbukeni kutia amri ya kwenda mstari unaofuata kabla ya kadi ya pili, ya tatu na ya nne. Bila hiyo, karatasi nzima itakuwa ya mtu mmoja mara nne.

HESABU YA MPIGA CHAPA

Jambo lililonifurahisha kuliko yote ni jinsi alivyopanga. Karatasi yake ni kubwa kidogo kuliko A3, na hubeba kadi 8. Mimi nilidhani karatasi ya kwanza itabeba kadi ya 1 hadi ya 8. Sivyo! Kadi 240 ukigawa kwa 8 unapata karatasi 30. Karatasi ya kwanza aliitia kadi ya 1, 31, 61, 91, 121, 151, 181 na 211. Ya pili ikabeba 2, 32, 62, na kuendelea hivyo.

Kwa nini? Karatasi zote 30 zikiwekwa pamoja na kukatwa, hutoka marundo manane. Rundo la kwanza lina kadi ya 1 hadi 30 kwa mfululizo, la pili 31 hadi 60, na kadhalika. Unayaweka moja juu ya jingine, kazi imekwisha! Angepanga tulivyodhani, tungekaa usiku kucha tukizitafuta. Na kwa kuwa tulikuwa tumepanga jedwali kwa msimbo wa posta, kadi zilitoka zikiwa zimefuatana kwa posta zao.

PRUFU

Kabla ya kupiga zote, mpiga chapa hutoa prufu, yaani kadi chache za kujaribu. Msimwachie achague za kwanza katika orodha. Chagueni wenyewe zile ngumu: jina refu kuliko yote, jina fupi kuliko yote, lenye ng', la Nairobi lenye 00100, la watu wawili, lenye mstari wa pili na lisilo nao. Lisilo na mstari wa pili lisiache pengo tupu katikati ya anwani. Jina refu lisigonge ukingo.

Prufu isomwe na watu wawili, mmoja wao awe mtu ambaye hakuandika jedwali. Aliyeandika huona alichokusudia, si kilichopo. Mkiridhika mtatia sahihi, na baada ya sahihi hiyo kosa lolote la maandishi ni lenu, si la mpiga chapa. Haraka haraka haina baraka.

MSAMIATI

Kiolezo: kadi au barua yenye mapengo ya kujazwa.
Safu: mstari wa jedwali unaokwenda juu chini, wenye kichwa chake.
Bamba: kipande cha madini chenye picha ya kupigia chapa.
Msimbo: tarakimu tano za kuitambulisha posta.
Prufu: nakala ya kujaribu, ya kusomwa na kusahihishwa kabla ya kazi yenyewe.

ZOEZI

1. Mtu anayeishi Thika amepata kadi yenye msimbo 1000. Eleza kilichotokea na namna ya kukizuia.

2. Andika sentensi hii kwa umoja na kwa wingi, kisha uhesabu maneno yaliyobadilika: "Zawadi yako imehifadhiwa, na jina lako limeandikwa katika kitabu chetu."

3. Chama kina kadi 160, na karatasi moja hubeba kadi 8. Karatasi ya kwanza itabeba kadi namba ngapi na ngapi?

4. Taja mambo matatu ambayo hayafai kuandikwa katika kadi isiyo na bahasha, na useme kwa nini.

5. Katika daftari la chama kuna mtu ambaye hujui kama yu hai. Utafanya nini kabla ya kumtia katika jedwali, na ukimpata jamaa yake utamwambia nini? Andika mazungumzo hayo kwa maneno yasiyopungua mia moja, na umpe mwenzako ayasome kwa sauti. Akisita mahali, hapo ndipo pa kurekebisha.